Si kila kizuri cha Japani kinaishia Tokyo

Ujumbe umeingia tena. Safari hii ni jamaa anayekuja kikazi Yokohama, atabakiwa na siku nne za kutembea, na swali ni lile lile: "Nipe migahawa mitano ya Tokyo. Si kila kitu kizuri cha nchi kinapelekwa huko?" Wakati wa TICAD, ule mkutano wa Japani na Afrika, wa Agosti 2025 nililisikia swali hili kwa lafudhi zote za Afrika Mashariki mpaka nikachoka. Mimi ni mpishi, nasimama nyuma ya kaunta Osaka. Mwamba ngoma huvutia kwake, kwa hiyo Osaka leo naiacha pembeni. Lakini hili la Tokyo tulimalize.

Nianze kwa kuwapa haki yao. Ukitaka sushi, na hasa ukitaka jodari, kaa Tokyo. Soko la Toyosu, lililochukua nafasi ya Tsukiji Oktoba 2018, linavuta samaki wa nchi nzima kwa sababu moja tu: wanunuzi wake wanalipa. Mvuvi wa Oma, kule juu kabisa Aomori, akipata jodari mnono hamuuzii jirani yake, anampandisha gari kwenda Toyosu. Kwa hiyo hata wale wanaokwambia "nenda kijijini, samaki kule ni freshi zaidi" wanakupoteza vilevile, ila kwa upande wa pili. Tangu Michelin watoe kitabu chao cha kwanza cha migahawa ya Tokyo mwaka 2007, watu wanahesabu nyota, na nyota ziko huko kweli. Sibishi.

Ninachobisha ni wazo kwamba chakula ni viungo, na viungo vikishasafiri basi chakula kimesafiri. Kuna vyakula vinavyotegemea muda kuliko kiungo, na muda hauwekwi kwenye barafu.

Chukua udon, zile tambi nene za ngano, ya Sanuki, yaani ya Kagawa, mkoa mdogo kuliko yote Japani kwa eneo. Mwaka 2011 walijitangaza rasmi kuwa "Mkoa wa Udon" bila aibu. Watu huniambia: udon ni unga, maji na chumvi, Tokyo vyote vipo, niende Kagawa kufanya nini? Wengine, wanaojiona wajuzi, hujibu kwamba siri ni ngano ya kule. Hapo ndipo damu inanichemka, maana sehemu kubwa ya unga wa udon za Kagawa ni ngano ya Australia. Ndiyo, Australia. Mkoa wenyewe ulizalisha mbegu yake, Sanuki no Yume 2000, na wapo wanaoitumia kwa fahari, lakini mpishi akikuuzia hadithi ya "ngano ya babu zetu" mwangalie gunia lake kwanza.

Siri iko chunguni. Tambi ya udon ni nene, inachemka kama robo saa. Ikitoka, nje imekunywa maji mengi, katikati machache. Tofauti hiyo ndiyo meno yanayoisikia: unang'ata, inalegea kwa nje, halafu inakushikilia kidogo kabla ya kukatika. Ikishaoshwa kwa maji baridi ina kona nne kali kama ilivyokatwa, na inang'aa. Lakini maji hayatulii. Yanaendelea kuingia ndani, na baada ya nusu saa nje na ndani vimekuwa sawa. Rangi ile ile, unga ule ule, na kilichobaki ni uzi wa wanga. Wanaodhani udon nzuri ni ile ngumu hawajaelewa chochote; ngumu naweza kukutengenezea hata kwa kuichemsha vibaya.

Sasa fikiria biashara yake. Ili kila mteja apate tambi iliyotoka chunguni dakika hizi, unahitaji wateja wasiokatika tangu asubuhi. Tokyo mpishi mzuri ana njia mbili: akuchemshie yako peke yako, usubiri na ulipie kusubiri, au achemshe nyingi na ziwekwe. Kagawa watu wanakula udon asubuhi kabla ya kazi, wanarudi mchana, wanasimama, wanameza, wanaondoka. Chungu hakipumziki. Foleni ndiyo inayopika. Na bakuli ni yen mia chache, bei ambayo kodi ya pango ya Tokyo ingeicheka.

Nenda Gamou, Sakaide. Ni kibanda cha watengeneza tambi katikati ya mashamba ya mpunga. Unasema unataka tama ngapi, yaani mafungu mangapi ya tambi, unapewa bakuli, unachukua kipande chako cha tempura iliyokaangwa kwa unga, unatoka nje na kukaa kwenye benchi ukitazama mpunga. Dashi yake, yaani supu ya msingi, inanukia iriko, na hapa mtu wa Pwani aache kujifanya mgeni: iriko ni dagaa. Wanachemshwa na kukaushwa, kazi ile ile inayofanywa Unguja na dagaa wanaopelekwa Kongo. Wanaosifika zaidi hutoka kisiwa cha Ibuki, upande wa magharibi wa mkoa. Wapishi wa Tokyo hupenda dashi ya katsuobushi, samaki mkavu wa kufukizwa, yenye harufu ya moshi. Hii ya dagaa ina ukali kidogo kwenye koo, na wasioizoea husema imezidi. Haijazidi.

Halafu Yamagoe, Ayagawa, kwa ajili ya kamatama tu. Tambi inatoka chunguni bila kuoshwa, inatua juu ya yai bichi, unamwagia shoyu, yaani mchuzi wa soya, unakoroga haraka. Joto la tambi linaliivisha yai nusu, linakuwa ute mzito unaoshika kila uzi. Ukisimama kupiga picha, yai limepoa na umejinyima mwenyewe. Sijaona chakula kinachoadhibu simu kama hicho. Nakamura, Marugame, ndiko ilikovuma ile hadithi ya mteja kutumwa shambani nyuma ya nyumba akajikatie negi zake, yaani vitunguu vya majani. Watu huisimulia kama kichekesho. Mimi naona ni hesabu nzuri ya mwenye duka asiye na mikono ya ziada.

Je, ukinifunga macho nitatofautisha bakuli la Gamou na bakuli la mpishi bora wa Tokyo aliyenichemshia papo hapo? Sina hakika, na sitajidai. Huenda bakuli la Tokyo likashinda. Lakini lile ni bakuli moja la mtu mmoja anayejitahidi, na hili la Kagawa ni la kawaida, la Jumanne, la dereva wa lori. Ninasafiri kwa ajili ya kiwango hicho cha kawaida.

Haraka haraka kwa wanaouliza kuhusu halali: mchuzi wa kawaida wa udon ni wa samaki, lakini mirin, pombe tamu ya mchele ya kupikia, huingia humo mara nyingi, na shoyu nyingi za viwandani zina alkoholi. Uliza, usibahatishe.

Kufika si kazi. Treni ya kasi ya Shinkansen hadi Okayama, kisha treni ya Marine Liner juu ya daraja kuu la Seto, lililofunguliwa 1988, kama saa moja tu mpaka Takamatsu, mji mkuu wa Kagawa. Au panda treni ya kulala ya Sunrise Seto kutoka Tokyo usiku, ulale humo, ushuke Takamatsu saa moja na nusu asubuhi, wakati vyungu vinachemka.

Ngisi wa Yobuko ni habari nyingine ya muda. Yobuko ni bandari ndogo ya Karatsu, mkoa wa Saga, na mgahawa wa Kawataro ndio uliojenga jina la mji kwa ngisi anayetolewa kwenye tangi mbele yako. Anakatwa na kuletwa mzima kwenye sahani, mwili wake unapitisha mwanga kiasi kwamba unaona maua ya sahani chini ya nyama, na mikono bado inacheza. Kadiri anavyokaa anageuka mweupe, weupe ule unaoujua sokoni. Ukimaliza mwili, mikono inarudishwa jikoni na kuja kama tempura.

Sasa jambo ambalo vitabu vya utalii vinaficha: ngisi huyo si lazima awe mtamu kuliko wa jana. Utamu wa nyama ya samaki huongezeka baada ya kufa, na wapishi wa sushi ninaowaheshimu humpumzisha ngisi makusudi. Cha Yobuko ni mng'ato, ule mlio mdogo kwenye meno, kisha ubaridi. Kama unatafuta utamu tu, rafiki zangu wa sushi wanaweza kuwa na haki na mimi nimekupotezea nauli. Mimi bado naenda.

Mkoa wa Kochi nitaupitia mbio: kuna katsuo, samaki wa jamii ya jodari, aliyechomwa kwa moto wa majani makavu ya mpunga, moto mkali wa muda mfupi, ngozi inaungua na ndani anabaki mbichi. Kula na chumvi, si mchuzi. Soko la Hirome linatosha, usinunue ushauri zaidi ya huo.

Mwisho, kwa wale wanaoniambia sushi ni samaki mbichi, freshi, wa leo: pandeni treni hadi ziwa Biwa, mkoa wa Shiga, mkale funazushi, sushi ya samaki aliyechachushwa. Nigorobuna, samaki wa ziwa hilo, mwenye mayai anatolewa utumbo kupitia mashavuni ili mayai yabaki, anawekwa chumvi majira ya kuchipua, kisha kiangazi anapangwa ndani ya pipa pamoja na wali na kukandamizwa kwa mawe mpaka mwaka mpya, wengine miaka miwili. Wali unachacha, mifupa inalainika, samaki anakatwa vipande vyembamba vyenye mayai ya rangi ya chungwa katikati. Hiyo ni sushi ya zamani kuliko vidonge vyote vya wali mnavyovipiga picha. Kwa aliyekulia jirani na papa mkavu, harufu haitamtisha. Kama ninaipenda kweli au nimeizoea tu, siwezi kuapa.

Kitashina wa Takashima, watengenezaji wa funazushi, wapo tangu 1619. Bei itakushtua, kwa sababu samaki mwenyewe amepungua: matete ya kutagia yamepotea, na samaki wageni kama black bass wanakula vifaranga. Kaskazini zaidi, kando ya ziwa dogo la Yogo, mgahawa wa Tokuyama-zushi wanapika mlo mzima unaozunguka uchachu huo, na unaweza kulala hapo hapo. Nafasi ni chache. Mwombe mtu wa hoteli yako akupigie simu kwa Kijapani, mapema, kabla hujakata tiketi ya ndege ya kurudi.