Elvis hakujua kuigiza? Sio kweli

Utasikia watu wanasema mwimbaji Elvis Presley kuigiza alikua hajui kabisa, eti muvi zake zote ni bichi, mademu na kuimba tu. Hapana jamani, chekini King Creole ya 1958, dairekta Michael Curtiz yuleyule wa muvi ya Casablanca, Elvis ni Danny, dogo wa New Orleans anayepiga usafi klabu asubuhi kabla ya shule, na jeshi lililokua limemwita Elvis lilimsogezea siku 60 amalize kushuti. Shida ilikua hela: Flaming Star ya 1960, nyimbo chache, haikuuza kama Blue Hawaii ya 1961, basi meneja wake Colonel Tom Parker akakomalia staili hiyohiyo ya Blue Hawaii, bichi na nyimbo, muvi hadi 3 kwa mwaka, wakati Elvis mwenyewe alitamani sana kupewa nafasi za maana.