Tuisheni ya Hisabati: Tazama Nani Anayefikiri

Mtoto wa Majengo au Kisauni, Mombasa, hutoka shule, akaenda chuoni (madrasa), na baada ya magharibi yuko tuisheni. Wazazi hujinyima ili walipe. Sisi tunaofunza walimu wa hisabati huulizwa kila mara: je, inasaidia?

Husaidia inaposhughulikia kosa la mtoto huyo mwenyewe. Mwaka 1984, Benjamin Bloom wa Chuo Kikuu cha Chicago aliandika kwamba mwanafunzi wa wastani aliyefundishwa peke yake aliwapita takriban asilimia 98 ya waliofundishwa darasani kwa kawaida. Tafiti za baadaye zilipata faida ndogo kuliko hiyo, ila ipo. Siri yake ni mwalimu kugundua kosa, kulirekebisha, kisha kupima tena. Watoto ishirini wanaonakili majibu ya mitihani ya zamani sebuleni hawapati hayo.

Kinachoumia zaidi ni ubunifu, na hapo ndipo nina wasiwasi mkubwa. Mpe mtoto wa gredi ya 6 swali hili: una kamba ya mita 24, izungushie bustani ya mstatili, bustani itakuwa kubwa kiasi gani? Aliyekaririshwa kanuni huuliza, "Urefu ngapi, upana ngapi?" Asipoambiwa, huweka kalamu chini. Aliyezoea kuhangaika na swali huanza kuchora. Mita 11 kwa 1, anapata mita mraba 11. Mita 10 kwa 2, anapata 20. Akifika 6 kwa 6 anapata 36, na hapo anashangaa: kamba ni ile ile, mbona bustani inakua? Hisabati yenyewe inaanzia kwenye mshangao huo, na mwalimu anayewahi kumpa njia ya mkato humnyang'anya.

Mzazi, kabla ya kulipa mwezi mwingine, fungua daftari la mwanao. Makosa yameelezwa, au yamefutwa tu? Mwambie akufanyie hesabu moja kwa njia ya pili. Hata kama hesabu zilikushinda, utasikia kama anaeleza au anakariri. Akikwama, mwombe mwalimu atoe swali kisha asubiri, hata dakika tano nzima, kabla ya kusaidia.

Na likizo ni yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013, kifungu cha 37, inakataza kumlazimisha mwanafunzi masomo ya likizo. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili.