Kwa nini baiskeli ya kukunja ina magurudumu madogo, na itafaa njia za Tabora?

Mpwa wangu alinikuta nje ya stesheni ya Tabora nikiikunjua baiskeli yangu baada ya kushuka kwenye treni. Akaizunguka, akaishika siti, kisha akauliza: "Mjomba, kwa nini hawakuiwekea matairi ya kawaida?" Nililipenda swali lile, maana jibu lake ndilo linaloeleza karibu kila uzuri na kila udhaifu wa baiskeli hii.

Fremu hukunjika kwa bawaba. Usukani hulazwa, siti huzamishwa ndani ya bomba lake, na mara nyingi pedali nazo hukunjwa. Gurudumu ndilo halikunjiki. Ukishamaliza kukunja vyote, mzigo unaobaki mkononi hauwezi kuwa mdogo kuliko gurudumu lenyewe. Andrew Ritchie, aliyebuni baiskeli ya Brompton jijini London miaka ya 1970, alitumia magurudumu ya inchi 16, na baiskeli yake ikikunjwa hukaa kwenye nafasi ya kama sentimita 60 kwa 60, unene usiofika 30. Linganisha na ile ambayo kiwanda cha BSA cha Uingereza kiliwatengenezea askari wa miavuli wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ilikunjika katikati, lakini magurudumu yake yalikuwa ya inchi 26. Ilifaa kurukia kutoka kwenye ndege. Kuisukuma chini ya kiti cha treni ni jambo jingine.

Sasa tuje kwenye njia zetu. Chukua shimo lenye upana wa sentimita 20, aina unayokutana nayo kila siku ukiacha lami kuelekea Kwihara. Gurudumu la inchi 28, lile la baiskeli ya kawaida ya Phoenix, huzama ndani yake kama sentimita 1 na nusu tu kabla ya kugusa ukingo wa pili. La inchi 20 huzama 2, la inchi 16 huzama 2 na nusu. Tena gurudumu dogo huupiga ukingo kwa kuukabili zaidi, halipandi taratibu kama kubwa, hivyo mtikisiko wote hupanda mikononi na kiunoni. Kwenye mchanga ni shida zaidi. Tairi dogo linagusa ardhi kwa urefu mfupi, linachimba, na usukani wake mwepesi unageuka kabla hujataka. Kiangazi, mchanga wa Tabora ukishakauka na kulegea, mimi hushuka nikakokota pale ambapo mwenye Phoenix anapita, ingawa naye kwa jasho.

Kuna jambo moja wengi wanakosea, nami nataka kulinyoosha. Watu husema gurudumu dogo litakufanya ukanyage mara mbili ili ufike mahali pamoja na mwenzako. Si lazima. Phoenix yenye meno 44 kwenye gia ya mbele na 18 kwenye ya nyuma husogea kama mita 5.4 kila pedali ikizunguka mara moja. Baiskeli ya inchi 20 ikiwekewa meno 52 mbele na 15 nyuma husogea kama mita 5.5. Mtengenezaji amefidia udogo wa gurudumu kwa wingi wa meno ya mbele, basi miguu haioni tofauti. Kinachoiona ni tairi: kwa kilomita moja, tairi la inchi 28 huzunguka kama mara 450, la inchi 20 zaidi ya mara 620, kwa hiyo huisha mapema.

Kwenye mzigo sina la kubishana. Watengenezaji wengi wa baiskeli za kukunja huweka kikomo cha kilo 100 hadi 110, dereva akiwemo. Mtu wa kilo 70 akipakia madumu mawili ya maji ya lita 20, tayari amefika kikomoni. Anayebeba mkaa, asali au abiria kwenye keria aendelee na baiskeli yake ndefu ya chuma. Gurudumu dogo lenyewe ni imara, kwa kuwa spoki zake ni fupi. Penye wasiwasi ni bawaba, na lile bomba refu la usukani ambalo hunepa ukilivuta kwa nguvu.

Basi faida iko wapi? Iko pale ambapo hupandi baiskeli. Tabora ni njia panda ya reli: treni za Kigoma na za Mwanza hugawanyikia hapa. Anayeshuka alfajiri na mfuko mmoja mgongoni akiwa na baiskeli ya kukunja, anaifungua kwa dakika moja na kwenda zake Ipuli au Cheyo bila kungoja mtu. Na anayeishi chumba kimoja cha kupanga, usiku anaiingiza ndani na kuiweka nyuma ya mlango. Kwa mtu aliyewahi kuibiwa baiskeli barazani, kama mimi, hilo peke yake ni sababu tosha.

Ukiamua kununua, anza na tairi, si rangi. Inchi 16 zipo za aina mbili: rimu nyingi za baiskeli za watoto zina kipenyo cha milimita 305 pale tairi linapokaa, ya Brompton ina 349, na tairi la moja haliingii kwenye nyingine. Hata inchi 20 zipo za 406 na za 451. Tafuta namba 406 iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, kwa sababu ndiyo inayotumika sana kwenye baiskeli za watoto za inchi 20, na fundi wa mtaani ataipata kwa urahisi zaidi. Kisha ifungue na kuikunja mara kadhaa palepale dukani, uushike usukani na kuutikisa. Bawaba ikicheza ikiwa mpya, iache hapohapo.