MTA mbili kwenye mashine moja: mgongano unatoka wapi

Kwenye Linux, MTA ni programu inayopokea barua pepe kutoka kwa programu nyingine na kuifikisha inakokwenda: ama kwenye sanduku lililo ndani ya mashine hiyohiyo, ama kwa seva nyingine kwa njia ya SMTP, yaani kanuni ambazo seva hutumia kupelekeana barua. Zinazokutwa sana ni Postfix, Exim na Sendmail. Dovecot haimo, ingawa wengi huihesabu humo. Yenyewe humpa mtumiaji barua zilizokwisha kufika.

Husemwa mafahali wawili hawakai zizi moja. Hawa wanaweza kukaa. Postfix ina mipangilio yake ndani ya /etc/postfix na foleni yake ndani ya /var/spool/postfix. Exim kwenye Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, ina /etc/exim4 na /var/spool/exim4. Hakuna anayemkanyaga mwenzake. Ugomvi uko kwenye vitu viwili tu visivyogawanyika, jina na poti.

Jina ni /usr/sbin/sendmail. Sendmail iliandikwa na Eric Allman huko Berkeley, ikatoka pamoja na BSD, mfumo wa Unix wa hapo Berkeley, mwaka 1983, na programu chungu nzima zikazoea kuiita kila zinapotaka kutuma barua. Exim ya Philip Hazel ilipokuja mwaka 1995, na Postfix ya Wietse Venema mwaka 1998, hazikuwa na ubavu wa kubadilisha mazoea hayo. Zililichukua jina hilohilo pamoja na swichi zake. Ndiyo maana cron, inayoendesha kazi kwa ratiba, ikiwa na ripoti ya kutuma, au PHP ikitumia mail(), huita sendmail bila kujali nani anaitika. Faili lenye jina hilo ni moja, na atakayeitika ni mmoja.

Poti, yaani mlango wa mtandao ambako barua za SMTP hupokelewa, ni 25. Programu ya kwanza kuwaka huishika. Ya pili, ikitaka anwani na poti ileile, huambiwa na kernel, kiini cha mfumo, kwamba tayari inatumika, nayo hushindwa kupokea barua za SMTP. Ukitaka kujua nani ameishika, endesha `ss -ltnp` kama root.

Debian imelimaliza suala hili kwenye vifurushi vyenyewe. Kuna kifurushi cha jina tu, mail-transport-agent, kisicho na faili hata moja. Postfix hutangaza kwamba inatoa huduma ya jina hilo, na papo hapo kwamba haipatani na kifurushi kingine chochote kinachoitoa. Exim nayo hutangaza vivyo hivyo. Kwa hiyo ukiandika `apt install postfix` kwenye mashine yenye Exim, apt itakuorodheshea vifurushi vya Exim vitakavyoondolewa. Usibonyeze Y kwa mazoea. Isome orodha hiyo.

Nasema hivyo kwa sababu ya foleni. Kuondoa kifurushi cha Exim hakufuti barua zilizokuwa zikisubiri kutumwa. Zinabaki /var/spool/exim4, na Postfix haijui kuzisoma, wala haina sababu ya kuzitafuta. Kinachopoteza watu ni amri ya `mailq`: nayo ni jina la pamoja, humfuata MTA aliyepo sasa. Ukiiendesha baada ya kubadilisha, Postfix itakujibu kwamba foleni ni tupu, na haisemi uongo, kwani foleni yake yenyewe kweli ni tupu. Barua zilizosahaulika hazitoi kosa popote. Basi kabla ya kubadilisha, zilazimishe zitoke kwa `exim4 -qff`, kisha angalia `mailq` ingali ya Exim. Zikigoma, tafuta sababu kwanza. Na ukija baadaye kuusafisha mfumo kwa purge, yaani kufuta hata mabaki ya Exim, ukiulizwa kama barua ambazo hazijafika zifutwe, swali hilo si la kupita mbio.

Familia ya Red Hat, kundi jingine la matoleo ya Linux, ina njia tofauti. Postfix na Sendmail zinaweza kusakinishwa pamoja, na /usr/sbin/sendmail huwa kiungo kinachoelekezwa kwa mmoja wao kwa `alternatives --config mta`. Amri hiyo hubadilisha jina tu. Kama Sendmail inaendelea kukimbia, poti 25 bado ni yake, na utakuta barua za cron zinatoka kwa Postfix huku zinazoingia kwa SMTP zikipokewa na Sendmail, kila moja na logi zake. Izime kwa `systemctl disable --now sendmail` kabla ya kuwasha Postfix.

Mashine inayotuma tu, isiyopokea barua kutoka nje, wala haihitaji MTA kamili. Programu ndogo ya msmtp huikabidhi barua kwa seva nyingine papo hapo. Haisikilizi poti wala haina foleni, hivyo inaweza kukaa kando ya Postfix bila shida. Kwenye Debian, kinachogombania jina la sendmail ni kifurushi chake cha pili, msmtp-mta.