Je, wajua kwa nini faili linachelewa kufika hata laini ikiwa na kasi?

Unaweza ukawa na laini ya gigabiti nzima halafu faili la megabaiti 10 tu likakuweka karibu dakika saba, na ukipima laini unakuta haina tatizo lolote. Muda wote huo unaishia kwenye kusubiri.

Chukua TFTP, ile itifaki (kanuni za mawasiliano) ndogo ambayo kompyuta zinazowaka kupitia mtandao hutumia kuvuta programu zao kutoka kwa sava. Yenyewe kwa kawaida inatuma bloku za baiti 512, na ikishatuma moja inatulia mpaka upande wa pili ujibu "nimepata", ndo inatuma nyingine. Ni kama mtu anakusomea namba ya simu, anataja tarakimu moja, anangoja useme sawa, ndo ataje inayofuata.

Sasa piga hesabu. Megabaiti 10 ni bloku 20,480, tuseme kila kwenda na kurudi kunakula milisekunde 20, hapo sekunde kama 410 zimeenda na hata ukinunua laini nene mara kumi hutaona tofauti, sababu kwa mtindo huo huwezi kuvuka baiti 25,600 kwa sekunde. Inauma kweli, laini kubwa imekaa tupu tu! Ila ukipandisha bloku iwe baiti 1,468, safari zinashuka mpaka 7,143, yaani sekunde kama 143.

Mbona 1,468? Pakiti ya Etheneti (mtandao wa waya) kawaida hubeba baiti 1,500, ila taarifa za itifaki zinazoifikisha zinakula humo humo: IP inachukua 20, UDP 8, TFTP yenyewe 4, kinachobaki ndo hicho. Tangu RFC 2348 (RFC ni waraka wa kanuni za intaneti) ya mwaka 1998 pande mbili zinaruhusiwa kukubaliana bloku hadi baiti 65,464, lakini mimi nisingekimbilia huko, maana ikizidi pakiti moja inakatwa vipande, na kipande kimoja kikipotea njiani bloku nzima inarudiwa, kwa waya safi sawa, kwa waifai utajuta.

Baadaye, 2015, ikaja RFC 7440 inayoruhusu kutuma bloku kadhaa mfululizo kabla ya kungoja jibu, kitu ambacho TCP, itifaki inayobeba data nyingi ya intaneti, inafanya siku zote. Faili letu lile lile, bloku za 1,468 zikienda nane nane, linafika kwa sekunde kama 18 hivi.