Nyigu wa Udongo na Vihisi vya Ndege

Ukungu ukizuia ndege kutua uwanja wa Songwe, Mbeya, hukosi mtu wa kuuliza kuhusu vihisi, yaani vifaa vinavyoipimia ndege hali yake na ya hewa: "Si ina vihisi vya kisasa? Vinaona kila kitu!"

Dhana: Vihisi vinaona kila kitu.

Ukweli: Kihisi hupima kile tu kilichoundwa kukipima. Bomba la pitoti, lile linalochomoza karibu na pua ya ndege, hupima msukumo wa hewa inayoingia kwa mbele. Kompyuta ikiulinganisha na kanieneo ya hewa ya nje inapata kasi. Tundu likiziba, kasi inayosomeka ni ya uongo. Kwangu Uyole nyigu wa udongo huziba tundu la kitasa ndani ya siku chache. Ukichokonoa kwa msumari, udongo unadondoka pamoja na buibui waliopooza. Mwaka 1996 Boeing 757 iliruka kutoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, ikaanguka baharini na watu 189. Wachunguzi walishuku nyigu wa namna hiyohiyo. Ndiyo maana ndege ikilala uwanjani mabomba hayo huvishwa vifuniko vyenye utepe mwekundu.

Dhana: Kihisi kikifaulu maabara, yamekwisha.

Ukweli: Maabara ni kali kweli. Kilomita 11 juu hewa hufika nyuzi 56 chini ya sifuri, kwa hiyo kihisi hugandishwa, hupashwa moto, hutikiswa kwenye meza ya mtetemo, hupuliziwa chumvi, hupigwa umeme unaoiga radi. Lakini lazima pia kujaribu mfumo unaokisikiliza. Boeing 737 MAX ilikuwa na vihisi viwili vya pembe ya hewa dhidi ya bawa, ila programu iliyosukuma pua chini ilisikiliza kimoja tu kwa wakati. Watu 346 walikufa, Indonesia mwaka 2018 na Ethiopia mwaka 2019. Ndege ya pili ilikuwa inakuja Nairobi. Hilo linaniuma hadi leo.

Dhana: Kihisi janja hakikosei.

Ukweli: Hukosea. Ujanja wake ni kompyuta ndogo ndani yake inayokichunguza na kutoa taarifa kipimo kisipoaminika.

Dhana: Kujaribu vihisi si kazi ya vijana wa huku.

Ukweli: Chukua kihisi cha joto cha bei rahisi, kilaze nje kwenye nyanda za juu zenye baridi za Kitulo usiku wa Juni, karibu na kipimajoto unachokiamini. Alfajiri umande ukiingia kwenye nyaya, tarakimu zinaanza kurukaruka. Andika saa na kila tarakimu, kausha nyaya, rudia usiku unaofuata.