Dalali wa nyumba na joto la kiangazi: maswali na majibu

Dalali wa nyumba na viwanja hajihesabu miongoni mwa watu wa juani. Amevaa koti, anashuka garini na kupanda, anaona jua ni shida ya fundi na mkulima. Majibu haya ni kwa siku ambazo kipimajoto kinapita nyuzi 32 za Selsiasi, au chini ya hapo kidogo ikiwa hewa ina unyevu mwingi.

Sikai juani zaidi ya dakika 10 kwa mara moja. Joto litanidhuru vipi?

Linakuingia kwa mafungu. Dakika 10 za kuzunguka kiwanja, gari lililookwa na jua, ngazi hadi ghorofa ya nne, kisha nyumba iliyofungwa madirisha wiki tatu. Kila fungu peke yake ni dogo, lakini linakukuta bado hujapoa na lile lililotangulia.

Mwili hujipoza kwa kupeleka damu nyingi kwenye ngozi na kwa kutoa jasho. Jasho linalodondoka sakafuni halikupozi. Linalopoza ni lile linalokauka juu ya ngozi. Ndani ya nyumba isiyopitisha hewa, na wewe umevaa koti, jasho halina pa kukaukia. Moyo nao unaongeza mapigo ili kulisha ngozi na misuli kwa pamoja, huku damu ikipungua maji. Dalili za mwanzo ni za kupuuzika: kichwa kuuma, hasira za haraka, kusahau funguo ya geti. Ukijiona unamjibu mteja kwa mkato saa kumi jioni, kunywa maji na kaa kivulini kwanza, halafu ndipo uamue kama mteja kweli ni msumbufu.

Miadi niipange vipi?

Wengi wanakosea hapa. Wanasogeza nyumba zote jioni kwa sababu jua limelegea. Jua limelegea, ukuta bado. Zege na tofali hunyonya joto mchana kutwa na kulitema ndani saa kadhaa baadaye, kwa hiyo vyumba vinavyotazama magharibi na ghorofa ya juu kabisa huwa na joto kali zaidi jioni kuliko saa sita mchana. Vyumba hivyo vionyeshe asubuhi. Viwanja vitupu na nyumba zinazojengwa, ambazo hazina kivuli, vimalize kabla ya saa nne asubuhi. Vikishindikana, visubiri baada ya saa kumi jioni. Saa za katikati waachie wenye nyumba za viyoyozi vinavyofanya kazi, na kazi ya mikataba mezani.

Kati ya miadi na miadi acha dakika 20 za kukaa mahali penye ubaridi. Kujibu simu ukiwa umesimama juani si mapumziko.

Mteja makini anaweza kuomba aione nyumba jioni hasa ili ajue joto lake. Ni ombi la haki, usimpinge. Fupisha tu ziara na uanze na vyumba vya juu kabla hamjachoka.

Nyumba imefungwa muda mrefu. Nianzeje?

Fika dakika 20 hadi 30 kabla ya mteja. Fungua madirisha ya pande mbili zinazotazamana ili hewa ipite, ukianza na yaliyo juu kwa kuwa hewa ya moto hupanda. Kama kuna kiyoyozi, toa kwanza hewa ya moto kwa dakika tano, ndipo ufunge na kukiwasha. Feni inasaidia hewa ikiwa chini ya nyuzi 40. Ikipita hapo inakupulizia joto na kuuongezea mwili mzigo.

Ukishafungua, toka nje usubiri kivulini. Usikae ndani unapanga viti.

Darini, hasa chini ya bati, joto hupita la nje kwa mbali. Kukaguliwe asubuhi, dakika chache, na mtu mwingine akiwa chini ya ngazi. Kizunguzungu kinachokupata ukiwa sebuleni kinakukalisha chini. Kikikupata juu ya ngazi kinakuvunja. Jambo jingine linalochanganya watu: rangi mpya na gundi ya sakafu hutoa mvuke zaidi kukiwa na joto. Kichwa kikiuma katika nyumba moja tu iliyopakwa rangi juzi, huenda si joto.

Maji kiasi gani, na chooni nitaenda wapi?

Ukiwa katika joto, kikombe kimoja cha takriban mililita 240 kila dakika 15 hadi 20, yaani kati ya robo tatu ya lita na lita moja kwa saa. Usizidishe lita 1.4 kwa saa. Maji mengi mno kwa mkupuo hupunguza chumvi ya damu, na hilo nalo linaua. Usisubiri kiu, kwa kuwa huja ukiwa umeshachelewa.

Suala la choo ndilo linalowafanya madalali wengi wasinywe. Nyumba tupu mara nyingi imekatiwa maji, na si kila mwenye nyumba unaweza kumwomba. Basi choo kiingie kwenye ratiba: jua kabla hujatoka utajisaidia wapi kati ya miadi ya kwanza na ya tatu. Kukaa na kiu kutwa ili kukwepa choo hufanya mkojo uwe mzito, na mkojo mzito, siku baada ya siku, ni njia ya mawe ya figo na maambukizi ya njia ya mkojo. Rangi iwe ya njano iliyofifia. Ikifanana na chai ya rangi ilhali umekunywa vizuri, na misuli inauma, muone daktari siku hiyohiyo.

Ukitoka jasho jingi kwa zaidi ya saa mbili, chumvi nayo inapotea. Mlo wa kawaida huirudisha. Ukikosa mlo, changanya lita moja ya maji safi na vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu, visifurike. Chai na kahawa za kiasi hazikukaushi kama inavyodaiwa. Pombe ya jana usiku ndiyo inayokukausha leo.

Mgonjwa wa moyo au figo aliyewekewa kikomo cha maji asifuate vipimo hivi bila kumuuliza daktari wake.

Koti na tai je?

Viache kwenye hanga garini na uvivae mlangoni, kama ni lazima. Shati la pamba au kitani, jepesi, la rangi hafifu, lisilobana shingo wala kwapa. Poliesta hukamata jasho na kuleta harara kiunoni na kifuani. Losheni ya jua yenye SPF 30 au zaidi ipakwe kabla ya kutoka na kurudiwa kila saa mbili. Usisahau masikio, shingo ya nyuma, na mkono ulio upande wa dirisha la dereva, kwa kuwa vioo vingi vya pembeni hupitisha sehemu ya mionzi inayozeesha ngozi.

Gari linapoaje haraka, na nisiache nini ndani?

Fungua milango ya pande zote mbili kwa dakika moja, endesha kidogo vioo vikiwa chini, kisha pandisha vioo na uwashe kiyoyozi. Gari lililofungwa siku ya nyuzi 35 hupita nyuzi 50 katika nusu saa, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo hutokea mapema. Kuacha kioo wazi kidogo hakubadilishi mengi.

Insulini, pampu ya pumu na pawabanki visiachwe humo. Insulini huharibika, na vile viwili vingine vinaweza kupasuka au kuwaka.

Na mtoto wa mteja. Familia imekuja kuona nyumba, mtoto amelala kiti cha nyuma, mzazi anasema "tunaingia dakika mbili tu". Ziara ya nyumba haijawahi kuwa dakika mbili. Joto la mtoto mdogo hupanda mara tatu hadi tano haraka kuliko la mtu mzima. Mwambie mzazi ambebe, au muahirishe.

Natumia dawa za presha. Kuna tatizo?

Huenda. Dawa za kuongeza mkojo hupunguza maji mwilini, baadhi ya dawa za presha huzuia moyo kuongeza mapigo, na dawa kadhaa za mzio, sonona na magonjwa ya akili huvuruga jasho au udhibiti wa joto. Usiziache kwa uamuzi wako. Muulize daktari kabla kiangazi hakijakolea kama dozi inahitaji kurekebishwa.

Mteja au mwenzangu amezidiwa. Nijue vipi ukubwa wa tatizo?

Mzungumzishe. Muulize mko wapi, leo ni siku gani. Akijibu sawasawa lakini amelegea, ana jasho jingi, kichefuchefu na kizunguzungu, huo ni uchovu wa joto: mpeleke penye ubaridi, mlaze, inua miguu, mvue viatu na nguo za ziada, mpe maji kidogokidogo. Asipopata nafuu ndani ya nusu saa, mpeleke hospitali.

Akijibu ovyo, akiyumba kama mlevi, akipata degedege au akizimia, chukulia kuwa ni kiharusi cha joto, ambapo joto la ndani la mwili limepita nyuzi 40. Usisubiri ngozi ikauke. Wengi hupata kiharusi hiki wakiwa bado wanatoka jasho. Mmoja apige simu ya dharura na kueleza nyumba ilipo, geti gani na ghorofa ya ngapi. Mwingine aanze kumpoza papo hapo. Kuna beseni la kuogea lenye maji ya baridi? Mtumbukize hadi shingoni na umshike kichwa. Hakuna? Mmwagie maji mwili mzima na umpepee bila kukoma, na barafu ikiwepo iweke shingoni, kwapani na kwenye kinena. Ukitumia mpira wa bustani, acha kwanza maji ya moto yaliyokaa juani yatoke. Kwa kuwa nyumba nyingi tupu hazina maji, weka garini dumu la lita 10 na taulo mbili.

Asiyejitambua asipewe kinywaji; kitaingia mapafuni. Mlaze ubavu. Parasetamoli na aspirini haziteremshi joto la aina hii, na zinaweza kuumiza ini au kuongeza damu kuvuja.

Ndiyo kwanza naanza kazi, au nimetoka likizo ndefu. Nifanyeje?

Mwili huchukua siku 7 hadi 14 kuzoea. Anayeanza akae kwenye joto asilimia 20 ya muda wa kawaida siku ya kwanza, na aongeze asilimia 20 kila siku. Mzoefu aliyekuwa mbali wiki moja au zaidi aanze na 50, kisha 60, 80, ndipo 100.

Nilipatwa na joto wiki hii. Narudi lini?

Uchovu wa joto unataka walau siku moja hadi mbili bila kazi ya juani, kisha uanze polepole. Baada ya kiharusi cha joto, daktari ndiye anayeruhusu, akishapima figo, ini na misuli. Hata akiruhusu, kwa wiki kadhaa utazidiwa na joto ambalo zamani ulilistahimili, kwa hiyo viwanja na madari wapewe wenzako.